Samaki kumi na wanne kwenye tangi dogo: kisa cha familia moja ya Dar es Salaam

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki ni cha familia ya watu watano wanaoishi nyumba ya kupanga upande wa pwani, Dar es Salaam. Wenyewe wameridhia kiandikwe. Majina, mtaa, shule ya mtoto na duka walikonunua samaki nimeviondoa, na mambo mawili matatu madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike. Vipimo vya maji, idadi ya samaki na mfuatano wa matukio nimeviacha kama vilivyokuwa. Nimekichagua kwa kuwa yaliyowakuta humkuta karibu kila mtu wa pwani anayeanza kufuga samaki wa mapambo. Halafu sehemu yake ya pili, ile iliyopangwa kwa utulivu, nayo ilikuwa na kasoro zake, na hizo ndizo zinazosemwa mara chache.

Nyumba, maji na ahadi

Baba alimwahidi binti yake wa darasa la nne kwamba akifaulu mtihani atanunuliwa tangi la samaki. Binti akafaulu. Jumamosi iliyofuata wakaenda dukani.

Walichonunua ni tangi la kioo la urefu wa sentimita 45, upana 25 na kimo 30. Ukizidisha unapata lita 33 na kitu, lakini ukitoa kokoto na nafasi ya juu inayoachwa wazi, maji halisi hayafiki lita 28. Lilikuja na pampu ndogo ya hewa, filta ya sifongo, kokoto za rangi na ngome ya plastiki. Samaki walichaguliwa na mtoto kwa kuonyesha kidole: goldifishi watatu, gapi madume wanne wenye mikia mipana, baabu wanne wenye milia kama ya chui milia, enjelifishi wawili, na pleko mmoja, yule samaki mweusi anayejibandika kwenye kioo. Jumla kumi na wanne. Baba aliuliza kama wanaelewana. Jibu lilikuwa, "Hao wote wanakaa pamoja bosi, si unawaona hapa?"

Ni kweli walikuwa wanaonekana pamoja. Duka huwa na maji mengi yanayozunguka, samaki wanakaa siku chache kabla ya kuuzwa, na aliyekufa huondolewa alfajiri kabla mteja hajafika. Simlaumu sana muuzaji. Aliulizwa swali moja akalijibu kwa alichokuwa anakiona.

Maji ya nyumba hiyo yana sura mbili. Siku za kawaida wanatumia maji ya kisima kirefu yaliyojazwa kwenye simtanki. Ni yale ambayo wenyeji huyaita ya chumvi. Birika lao lina ukoko mweupe ndani, na sabuni ya kipande haitoi povu la maana. Siku ambazo mgao wa bomba unafika mtaani kwao, hutumia maji ya bomba ya mamlaka, ambayo ni laini zaidi, yaani yana madini machache, lakini yametiwa klorini.

Wiki ya kwanza

Jumamosi jioni tangi lilijazwa maji ya simtanki, samaki wakaingizwa saa hiyohiyo. Kila mtu alitaka kuwalisha. Mtoto alitia chakula, mdogo wake akatia, na dada wa kazi, ambaye hakuwepo sebuleni wakati huo, naye akatia kabla ya kulala kwa kudhani hawajala.

Jumatatu maji yalikuwa na weupe kama yaliyochanganywa na maziwa kidogo. Hiyo huwa dalili ya bakteria wanaozaliana kwa kasi kwa sababu ya chakula kilichooza, na mara nyingi hutulia wenyewe baada ya siku kadhaa. Lakini kwa mtu asiyejua, weupe ni uchafu, na uchafu huoshwa. Jumanne usiku, kwa bahati mbaya ikiwa siku ya mgao, baba alimwaga maji yote. Kokoto, ngome na sifongo vilisuguliwa chini ya bomba hadi vikang'aa, kisha tangi likajazwa moja kwa moja kutoka kwenye bomba. Samaki walirudishwa ndani ya nusu saa.

Usiku ule walianza kupanda juu na kutwetea. Asubuhi goldifishi wawili na enjelifishi mmoja walikuwa wamekufa. Mama akahisi maji ya bomba yana neno, akaamuru yatolewe nusu na kujazwa ya simtanki. Alhamisi gapi wawili wakafa, na wawili waliosalia walikuwa na mikia iliyochanika hadi karibu na mwili. Baba alirudi dukani akapewa dawa ya unga wa njano, antibiotiki, akaambiwa mikia inaliwa na ugonjwa. Aliitia. Maji yakawa rangi ya mirinda ya nanasi, na hakuna kilichopona.

Ijumaa shemeji yao, ambaye huwa namsaidia matangi yake, akanipigia simu.

Hali niliyoikuta

Walikuwa wamebaki tisa: goldifishi mmoja, enjelifishi mmoja, baabu wote wanne, gapi wawili na pleko. Maji yalikuwa na nyuzijoto 30, pH (kipimo cha asidi ya maji, ambapo 7 ndiyo katikati na chini yake ni asidi) 8.2, amonia miligramu 2 kwa lita, naitriti sifuri, naitreti sifuri.

Kwa anayeanza, vipimo hivyo vinahitaji maelezo. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake na kinyesi chake, na chakula kilichooza huongeza. Katika tangi lililokomaa kuna kundi la bakteria linaloigeuza amonia kuwa naitriti, na kundi jingine linaloigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia hadi ipunguzwe kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa kwenye sifongo, kokoto na kuta. Ndani ya maji yenyewe ni wachache. Huchukua takriban wiki nne hadi sita kujengeka katika tangi jipya. Tangi hili lilikuwa na siku sita, limeoshwa mara moja na limetiwa dawa ya kuua bakteria. Naitriti na naitreti kuwa sifuri maana yake kazi ilikuwa haijaanza kabisa.

Jambo la pili ni zito zaidi kwa watu wa pwani, na vijitabu vingi vya wanaoanza hulipita juu juu. Amonia ndani ya maji huwa katika hali mbili, moja ya sumu kali na nyingine yenye madhara madogo, na mgawanyo wake unategemea pH na joto. Kwa nyuzijoto 30 na pH 7, sehemu iliyo sumu haifiki asilimia 1. Kwa joto hilohilo na pH 8.2 inafika asilimia 11 hivi. Kwa hiyo miligramu 2 zilizokuwa nyumbani kwao zilikuwa na ukali wa zaidi ya mara kumi kuliko miligramu 2 za mtu mwenye maji yasiyo na pH kubwa. Ongeza kwamba maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Mfugaji wa Ulaya anaweza kufanya kosa hilohilo na samaki wake wakaponea. Wa Dar es Salaam hapati nafasi hiyo.

Nani abaki

Siku ile tulifanya mambo matatu. Tulisimamisha chakula kwa siku mbili. Tulibadilisha theluthi moja ya maji kwa maji ya simtanki ileile, yenye joto lilelile, na tukarudia kesho yake. Dawa ya njano ikaachwa.

Kisha likaja swali ambalo baba hakulipenda: wangapi kati ya hawa tisa wana haki ya kuwa hapa? Nilimpitisha kwa mmoja mmoja.

Goldifishi ni samaki wa maji ya baridi, nyuzijoto 18 hadi 22 ndizo anazozipenda, hukua kupita sentimita 15 na huchafua maji kuliko wengine wa ukubwa wake. Katika sebule ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi ni mateso. Pleko wa kawaida, anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole kwa sifa ya kusafisha tangi, hupita sentimita 30; yeye mwenyewe hutoa kinyesi kingi kuliko ukungu anaoula. Enjelifishi hukua kwenda juu, mapezi yakifikia kimo kinachokaribia tangi lote lile, na akikomaa hula samaki wadogo wanaoingia mdomoni. Baabu wa milia wanatakiwa kuwa kundi, sita au zaidi, ili wafukuzane wao kwa wao. Wakiwa wachache humalizia ukorofi kwenye mkia wa yeyote anayeogelea polepole. Mikia ya gapi haikuliwa na ugonjwa. Nilikaa mbele ya kioo dakika chache tu nikamwona baabu akimparura gapi. Binti naye akaona, akasema kwa hasira, "Kumbe ni huyu!"

Uamuzi ukawa hivi: goldifishi na pleko waende kwa mtu mwenye bwawa la zege lenye kivuli, enjelifishi aende kwa shemeji mwenye tangi refu la kwenda juu, baabu warudishwe dukani hata bila kurudishiwa fedha. Gapi wawili wabaki. Mdogo wa binti alipendekeza wapelekwe mtoni, na hapo nilisimama imara: samaki wa kigeni hatupwi mtoni wala mtaroni. Gapi, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini, wamesambazwa nchi nyingi za joto, mara nyingi kwa nia njema ya kula viluwiluwi vya mbu, na sehemu nyingi walikofika hawakutoka tena.

Maji kwanza, samaki baadaye

Kilichowaponza watu hawa ni mpangilio. Walianza na tangi lililoenea juu ya kabati, wakafuata samaki waliopendeza, na maji yakawa ya mwisho. Nikawaomba wageuze: waanze na maji yanayotoka nyumbani kwao kila siku, wachague samaki wanaoyaweza, na ukubwa wa samaki hao ndio uamue tangi.

Binti alikuwa ameona neoni tetra kwenye simu, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa. Asili yao ni mito ya Amazoni yenye maji laini yenye asidi kidogo. Ili kuwaweka kwenye nyumba ile ingebidi kununua maji yaliyochujwa chumvi kila wiki, kwenye vibanda vya kujazia madumu, na kuyachanganya kwa kipimo. Inawezekana, nimeona watu wanafanya. Kwa familia yenye watoto watatu na wazazi wanaorudi saa mbili usiku, ingeshindikana mwezi wa pili.

Baba alitaka samaki wa Ziwa Nyasa. "Hawa si ni wa kwetu?" aliuliza, na ana hoja. Mbuna, wale wa kwenye miamba, wana rangi za kushindana na samaki wa baharini, wanapenda maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH ya juu, na upande wa Tanzania wa ziwa lile wapo. Maji ya kisima cha nyumba yake yangewafaa kuliko maji ya wafugaji wengi wa Ulaya, ambao hulazimika kuyatia madini. Tatizo ni tabia. Mbuna hugombania jiwe, dume hulinda eneo lake kwa meno, na njia ya kawaida ya kupunguza ugomvi ni kuwaweka wengi kidogo kwenye tangi refu, mita moja na zaidi, lenye mawe mengi na filta yenye nguvu. Na hapo kuna mtego: wingi huo unahitaji mtu anayejua tayari kusoma maji. Nilimshauri asubiri, na nilimwambia wazi kwamba nasubiri pamoja naye, maana nikipewa nafasi ya kuchagua mimi binafsi huchagua mbuna kila mara.

Kuna pia samaki wa madimbwi ya mvua wa pwani yetu, jamii ya Notobrankiasi, mmojawapo asili yake ni Unguja. Mayai yao hukaa kwenye tope kavu kiangazi chote na kuanguliwa mvua ikirudi. Ni wa ajabu, lakini huishi miezi michache tu, na mtoto aliyekwisha zika samaki watano ndani ya wiki moja hakuhitaji somo hilo.

Wakabaki wanaozaa hai: gapi, plati na moli. Wote huvumilia maji magumu. Moli hata chumvi huiweza. Hawahitaji hita kwa joto la pwani (wa Nairobi au Arusha, hasa Juni hadi Agosti, atahitaji). Moli tuliwaacha kwa sababu hufika sentimita 10. Tukabaki na gapi na plati.

Tangi la pili

Fundi vioo wa jirani alitengeneza tangi la sentimita 75 kwa 30 kwa 40, kioo cha milimita 6. Hizo ni lita 90 za hesabu, 75 hivi za maji. Mambo mawili tulimsisitizia. La kwanza ni silikoni: ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu huua samaki, hivyo lazima iwe ya kawaida isiyo na dawa hiyo, ile inayonuka kama siki ikiwa mbichi. La pili ni meza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijumlisha kokoto na kioo, kitu hicho kinapita kilo 100. Kabati la ubao wa kubandika lingepinda. Walichomelea stendi ya chuma na kuweka kipande cha sponji jembamba la milimita chache juu yake, ili kioo kisikae juu ya chembe ya mchanga kikapasuka.

Tangi lilijazwa nje, uani, likakaa siku mbili kuangaliwa kama linavuja. Ndani likawekwa ukuta usiopigwa na jua. Kokoto za rangi ziliachwa, wakanunua changarawe za kawaida na kuziosha bila sabuni. Majani tuliweka valisineria, yale marefu kama utepe, kwa kuwa hayajali maji magumu.

Halafu ndipo kukawa na subira. Nilikata kipande cha sifongo kutoka kwenye filta iliyokomaa ya tangi la shemeji yao, nikakiweka ndani ya filta mpya. Kipande hicho ni bakteria hai walioazimwa. Kila siku binti alitia punje chache za chakula kwenye tangi lisilo na samaki ili zioze na kuwalisha bakteria, jambo lililowachekesha majirani. Alipewa daftari la kuandika vipimo. Amonia ilipanda, naitriti ikafuata, na mwishoni mwa wiki ya tatu vyote viwili vilisoma sifuri huku naitreti ikiwa 10. Bila sifongo la kuazima nisingeshangaa kungoja hadi wiki ya sita. Gapi wawili walikuwa bado kwenye tangi dogo, wakibadilishiwa maji kila baada ya siku mbili, na mikia yao ilianza kuota.

Waliingizwa kwa mafungu: kwanza wale gapi wawili na madume wenzao wanne, baada ya wiki mbili, vipimo vikiwa salama, plati watano, madume wawili na majike watatu.

Hayo majike yalijadiliwa. Mimi nilitaka madume matupu. Binti alitaka kuona vifaranga, na mama akamuunga mkono kwa kusema mtoto ana haki ya kuona kitu kikizaliwa baada ya yote yale. Nilikubali kwa sharti kwamba wasivitenge; vingine vitaliwa na wakubwa, ndivyo ilivyo.

Miezi minne iliyofuata

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtulivu. Wa pili ulikuwa na mambo mawili.

Usiku mmoja umeme ulikatika saa nne ukarudi saa kumi na moja alfajiri. Samaki waliamka wakiwa juu ya maji, wazima. Filta ilikuwa aina ya kujifunga, yaani sifongo lake liko ndani ya kasha lililozibwa, na iliporudi kuwaka ilitoa maji yenye harufu ya yai viza: bakteria waliokaa saa saba bila oksijeni walikuwa wameanza kufa. Dada wa kazi ndiye aliyenusa, akachomoa plagi, akasuuza sifongo kwenye ndoo ya maji ya tangi kama alivyoona mimi nikifanya, kisha akawasha. Hakuna aliyemfundisha rasmi. Baada ya hapo walinunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika.

Wiki chache baadaye gapi wawili na plati mmoja walikufa ndani ya jioni moja. Vipimo vilikuwa safi kabisa. Ilibidi kuuliza maswali ya nyumba nzima: mama alikuwa amepuliza dawa ya mbu sebuleni saa kumi na mbili, akafunga madirisha, kama kila siku. Siku hiyo tu kifuniko cha tangi kilikuwa kimetolewa ili kusafishwa. Dawa nyingi za mbu za kupuliza zina sumu za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa binadamu ni kero ndogo na kwa samaki ni maangamizi. Pampu ya hewa nayo huvuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja ndani ya maji. Tangu hapo dawa haipulizwi tena chumba kile. Mlango na madirisha viliwekwa nyavu.

Mwezi wa tatu na wa nne ukawa wa vifaranga. Plati jike hubeba mimba wiki nne hivi na anaweza kuhifadhi mbegu za dume na kuzaa tena na tena bila kukutana naye. Valisineria ilikuwa imestawi, na kwenye majani yale vifaranga vingi vilijificha visiliwe. Kufikia mwisho wa mwezi wa nne tulihesabu samaki zaidi ya arobaini, wengi wakiwa wadogo, na naitreti ilikuwa inagusa 60 siku moja kabla ya kubadilisha maji.

Uchambuzi

Nianze na vifo vya usiku wa Jumanne, kwa sababu familia ilikuwa imeamini ni amonia na muuzaji akaamini ni ugonjwa. Mimi naona klorini ndiyo iliyoua wale watatu, ikisaidiwa na mshtuko wa kutoka maji ya chumvi kwenda maji laini kwa nusu saa. Maji yalikuwa yamebadilishwa yote, kwa hiyo amonia ilikuwa chini usiku ule kuliko siku yoyote ya wiki. Gapi wa Alhamisi ni kesi tofauti: amonia iliyopanda upya, maji yenye pH ya juu yaliyorudishwa, na majeraha ya baabu. Siwezi kutenganisha uzito wa kila kimoja. Hatua ya mama ya kurudisha maji ya simtanki ilikuwa sahihi kwa klorini na mbaya kwa amonia, na hakuwa na njia ya kujua bila kipimo. Hapo ndipo ninapoona tofauti ya kweli kati ya kifaa cha lazima na pambo: ngome ya plastiki na kokoto za rangi vilikula fedha ambayo ingetosha kununua chupa za kupimia amonia na pH, pamoja na matone ya kuondoa klorini.

Kulinganisha samaki na maji ya nyumbani kulifanya kazi kuliko uamuzi mwingine wowote. Kubadilisha maji kukawa kazi ya ndoo mbili kutoka simtanki, bila kuchanganya wala kukisia, na kazi nyepesi hufanyika. Sifongo la kuazima nalo lilifupisha subira hadi kiwango ambacho mtoto aliweza kukivumilia. Nina uhakika tungengoja wiki sita, mtu angeleta samaki kwa siri.

Upande wa kasoro, sharti la kuacha vifaranga viliwe lilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Penye majani manene na samaki walioshiba, vifaranga vingi haviliwi. Tungeweza kutabiri hilo. Majani yalichaguliwa juma lilelile majike yalipojadiliwa, na hakuna aliyeyaweka mawili hayo pamoja. Kama mtu anataka kuona uzazi, jike mmoja anatosha, na awe na mahali pa kupeleka watoto kabla hawajazaliwa.

Kasoro nyingine inahusu mtu. Mpango mzima ulizungumzwa na baba, mama na binti. Aliyekuwa na tangi mchana kutwa ni dada, na hakuitwa hata mara moja kukaa na kusikiliza. Ndiyo maana chakula cha siku ya kwanza kilitiwa mara tatu, na ndiyo maana dawa ya mbu haikutajwa mpaka samaki walipokufa, kwani yeye alijua kifuniko kimetolewa na hakujua kwamba ni hatari. Tulipoweka karatasi ya ratiba ukutani yenye jina lake kama mlishaji pekee, asubuhi mara moja kwa kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, maji yalibaki angavu bila kubadilisha kitu kingine chochote. Kwa nyumba za mjini kwetu, ningeuliza "nani anabaki nyumbani mchana?" kabla sijauliza bajeti.

Kuhusu umeme, kuchagua filta ya kujifunga kulikuwa kosa la mazingira. Ni nzuri mahali ambapo umeme haukatiki. Kwetu filta ya sifongo iliyo wazi, inayoendeshwa na pampu ya hewa, hubaki na bakteria wenye afya kwa muda mrefu zaidi umeme ukikatika, ni rahisi, na haimezi vifaranga.

Ilivyo sasa

Plati majike wametengwa kwenye tangi la zamani la lita 28, peke yao, na bado wanazaa kwa mbegu walizohifadhi. Duka lilelile lilikubali kuchukua vifaranga vilivyofika sentimita mbili na kutoa chakula badala ya fedha. Fungu la kwanza lilikuwa la samaki kumi na wanane. Naitreti imeshuka hadi 25 kwa kubadilisha robo ya maji kila Jumamosi, na filta ya kujifunga imetolewa, sifongo mbili zimewekwa badala yake. Daftari la vipimo linaandikwa na binti na dada kwa zamu. Baba ameanza kupima ukuta wa barazani kwa ajili ya tangi la mita moja na ishirini, na nimemwomba kwanza anipe miezi sita ya kurasa za daftari hilo bila siku iliyorukwa.